Ugali Haujaiva: Muda wa Mchezo na Haki ya Kutangaza Usiku

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijadili swali ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laweza kuonekana kuwa la kitoto. Watu kadhaa wanaposhirikiana kuigiza ulimwengu wa kubuni, ni nani kati yao mwenye haki ya kusema kwamba usiku umeingia, au kwamba kumekucha, au kwamba majuma matatu yamekwisha kupita? Na akishasema hivyo, je, wenziwe wanafungwa na kauli yake? Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu wakati. Wametueleza namna msanii anavyorejea nyuma, anavyodokeza yajayo, anavyoruka miaka kumi kwa sentensi moja. Lakini aghalabu suala hilo wamelichukulia kuwa ni la ufundi tu, sawa na uteuzi wa msamiati au mpangilio wa sura. Sisi tunadai kwamba lina upande wa maadili ambao haujatazamwa vya kutosha, na kwamba upande huo unaonekana wazi zaidi katika michezo kuliko katika vitabu.

Kilichotusukuma kuandika ni matukio mawili yaliyotenganishwa na zaidi ya miaka 30. La karibuni ni mwaliko wa wanafunzi wetu wachache wa shahada ya kwanza ambao hukutana jioni za Ijumaa kucheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Mmoja wao huwa msimamizi: ndiye anayesimulia mahali walipo, anayewasemea maadui na wapita njia, na anayeamua matokeo kwa msaada wa dadu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Jioni tuliyokuwapo palizuka ubishi. Msimamizi alikuwa amesema kwamba kundi lilipiga kambi, likalala, kukacha. Binti mmoja akamkatiza akasema kwamba yeye hakulala. Alikuwa bado anamtibu majeruhi. Msimamizi akamjibu kwamba hilo halina uzito, maana majeruhi amekwisha kupona. Ubishi ulidumu robo saa nzima. Tulipokuwa tukiwasikiliza tulilikumbuka tukio la pili, ambalo kwa kweli ndilo la kwanza.

Kalongolongo

Rongai tunayoizungumzia ni ile iliyo magharibi ya mji wa Nakuru, kwenye reli iendayo Eldoret na Uganda, wala si Ongata Rongai ya Kajiado ambayo wanafunzi wetu kutoka Nairobi hudhani ndiyo Rongai ya pekee duniani. Ni nchi ya mahindi na mkonge. Mashamba makubwa yaliwavuta vibarua wa lugha nyingi, Wakikuyu, Watugen, Wakipsigis, Waluhya, Waturkana, na watoto wao walipokutana nyuma ya nyumba za vibarua hawakuwa na lugha ya kuchezea isipokuwa Kiswahili. Mchezo wenyewe msomaji wa Kenya anaujua kwa jina la kalongolongo. Msomaji wa Tanzania pengine atautambua kama mchezo wa baba na mama. Mafiga matatu, kopo la Kimbo, udongo wa ugali, majani ya terere kwa mboga, na hindi bichi lenye nywele ndefu lililofungwa kitambaa likawa mtoto mchanga. Vitu hivyo vilitosha kujenga ukoo.

Hapa tunaomba radhi kuiacha kwa muda nafsi ya wingi ambayo jarida hili limeizoea, kwa kuwa kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa baba. Alasiri moja ya likizo, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, nilikuwa nimekwisha kwenda kazini mara tatu na kurudi mara tatu. Kwenda kazini kulikuwa ni kuizunguka nyumba mara moja, mikono mgongoni kama mnyapara. Kila niliporudi nilitangaza, “Haya, tuseme ni usiku.” Watu wakalala. Mvulana mdogo aliyepewa kazi ya jogoo akawika. “Kumekucha. Naenda kazini.” Mama alikuwa msichana wa jirani aliyenizidi mwaka mmoja. Alikuwa ameinjika kopo lake, anakoroga udongo kwa kijiti, anaongeza maji, anakoroga tena. Katika siku zangu tatu hakuwa amemaliza kupika chakula cha siku ya kwanza. Mara ya nne niliposema ni usiku, hakulala. Alisema bila ya kuniangalia, “Usiku hauwezi kuingia, baba. Ugali haujaiva.”

Nikamwambia kwamba ugali ule ni udongo.

“Basi hata kazi yako ni kuzunguka nyumba,” akasema.

Watoto wakacheka. Nilitangaza usiku kwa sauti kubwa zaidi, jogoo akakataa kuwika, na mchezo ukavunjika. Sikuongea na yule msichana kwa siku nyingi, na katika siku hizo niliamini kabisa kwamba ni yeye aliyeuharibu mchezo.

Siku mbili ndani ya siku moja

Tukirejea kwenye uchambuzi, ni dhahiri kwamba nyuma ya nyumba ile palikuwa na saa mbili zilizokuwa zikienda kwa kasi tofauti. Gérard Genette, katika kazi yake ya mwaka 1972, aliyatenga mahusiano manne baina ya muda wa kisa na muda wa usimulizi. Kisa chaweza kusimama ilhali maelezo yanaendelea. Chaweza kwenda sambamba na usimulizi, kama katika mazungumzo. Chaweza kufupishwa, au kurukwa kabisa. Tukiyatumia maneno hayo, siku ya baba ilikuwa ya kufupishwa na siku ya mama ilikuwa ya kuigizwa yote, kijiti kwa kijiti. Katika riwaya hali hiyo haileti ugomvi. Mwandishi ni mmoja, na mhusika aliyefupishwa hana mdomo wa kulalamikia ufupisho wake. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) anamweka Karama mahakamani, naye Karama anazisimulia safari za wajumbe sita, safari za taabu na za muda mrefu, ndani ya muda wa kesi moja. Hatumsikii mjumbe yeyote akisimama kusema kwamba mateso yake yamepita haraka mno. Katika mchezo, kinyume chake, anayefupishwa amekaa hapo karibu nawe na mikono yake ina tope.

Tazama pia ni kazi ya nani iliyofupishwa na ni ya nani iliyoigizwa. Baba wa mchezo hakujua yanayotendeka kazini, kwa hiyo kazi yake ilikuwa jina tu. Mama aliijua kazi yake. Mama mzazi wa yule msichana alikuwa kibarua akianika nyuzi za mkonge, na alipotoka huko jioni ndipo alipowasha moto. Binti alikuwa ameyaona yote hayo kwa macho: kwamba usiku hauingii nyumbani kwa sababu jua limezama, bali kwa sababu chombo cha mwisho kimeoshwa. Kwa hiyo niliposema ni usiku nilikuwa nikiitumia saa ya baba yangu, naye akanijibu kwa saa ya mama yake.

Mtu aweza kusema kwamba tunauchukulia kwa uzito kupita kiasi mzaha wa watoto. Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alishikilia kwamba mchezo hujitenga na maisha ya kawaida kwa mahali pake na kwa muda wake. Ikiwa ni hivyo, usiku wa mchezo si usiku, na hakuna anayepunjwa ukiingia mapema. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau jambo moja. Usiku ulikuwa wa uongo. Dakika alizotumia kukoroga hazikuwa za uongo. Zilitoka katika alasiri yake halisi, alasiri ambayo asingeipata tena, na ambayo ilikuwa fupi kuliko yangu kwa sababu yeye aliitwa nyumbani mapema kuchota maji. Anayeruka muda katika mchezo harukii muda wa kubuni peke yake. Anatoa hukumu kuhusu dakika halisi za mwenziwe, kwamba zilistahili kutendeka au hazikustahili.

Lugha inayomficha mtendaji

Lugha yetu yenyewe inasaidia kuificha hukumu hiyo. Msomaji atazame kitenzi -cha. Tunasema kumekucha. Mtendaji ni nani? Ni hiyo ku- ya mahali, isiyo na sura wala jina. Na kinyume chake, -chwa, kina umbo linaloelekea la kutendwa, lakini aliyetenda hatajwi kamwe. Mtambaji wa ngano naye atasema siku zikapita, siku zikaenda, na katika maneno hayo siku ndizo zinazotembea kwa miguu yao wenyewe. Kiambishi -ka- kinaongeza ulaini: tendo moja linaita jingine, likaita jingine, na msikilizaji anakubali kwamba mfuatano huo ni wa maumbile, kama maji kufuata mkondo. Sijui lugha inayoweza kuteremsha miaka saba kwa wepesi zaidi.

Hatusemi kwamba lugha ina hila. Katika maisha ya kawaida ni kweli kwamba hakuna mtu anayelileta pambazuko, na sarufi inasema kweli. Tatizo huanza sarufi hiyo inapohamia mahali ambapo pambazuko kweli limeletwa na mtu. Mtoto asemaye “kumekucha” katika kalongolongo ndiye aliyelikucha, kama tungeruhusiwa kusema hivyo, lakini kauli yake inamkinga kana kwamba anatoa habari tu. Msimamizi wa wanafunzi wetu alifanya vivyo hivyo. Hakusema “nimeamua mlale”. Alisema kundi likalala, kukacha. Binti yule alipomkatiza hakuwa akipinga habari. Alikuwa akimtoa mtendaji mafichoni.

Lakini lugha hiyohiyo ina dawa ndani yake. Sisi tulio karibu mno na ikweta, ambao mchana na usiku wetu hulingana karibu mwaka mzima, tumerithi saa inayoanza kuhesabu alfajiri na kuhesabu tena machweo. Na tumerithi usemi usuku wa kuamkia: usiku wa kuamkia Jumatatu, usiku wa kuamkia Idi. Usiku hapa unahesabiwa kwa siku ambayo watu wataiamkia. Anayetangaza usiku anadaiwa asubuhi, na anadaiwa asubuhi ambayo kila mmoja aliyelala ataweza kuiamkia akiwa na jambo lake mkononi. Usiku wangu wa Rongai ulikuwa wa kuamkia kazi yangu tu.

Hapa inafaa kumtaja John Mbiti, aliyedai mwaka 1969, kwa kuutegemea hasa ushahidi wa Kikamba na Kikikuyu, kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una sasa na zamani, na kwamba siku zijazo za mbali karibu hazipo. Wanafalsafa wengi walimpinga, na sitarudia ubishi huo. Ninachoweza kusema ni kwamba watoto niliocheza nao walimsomesha yule mtoto wa hindi bichi tangu chekechea hadi udaktari kabla jua halijatua, na wakamwoza. Sidai kwamba huu ni ushahidi dhidi ya Mbiti. Tulikuwa watoto wa shule na kalenda ilikuwa ukutani. Lakini ni ushahidi kwamba wakati ujao hauhitaji kufikirika kwanza ndipo uchezwe. Mara nyingine watu hukutana nao kwanza katika mchezo.

Daftari

Turudi kwenye mchezo wa mezani. Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, waliugawa muda wa wapenya-mapango katika zamu, na kila zamu ilikuwa dakika 10. Katika kanuni za mwanzo mwenge uliwaka kwa zamu 6, yaani saa moja. Aliyechagua kukagua kila ukuta alilipa kwa mwanga. Katika mwongozo wake kwa wasimamizi wa mwaka 1979, Gygax alitilia mkazo, hata kwa herufi kubwa, haja ya kutunza kumbukumbu kamili za wakati. Bila ya hizo, kwa maoni yake, mchezo wa muda mrefu hukosa maana. Alikwenda hadi kupendekeza kwamba wachezaji wasipokutana, siku moja ya kalenda ihesabiwe kuwa siku moja katika ulimwengu wa mchezo. Aliyejeruhiwa alirudishiwa pointi moja ya uhai kwa kila siku ya mapumziko, kwa hiyo jeraha kubwa lilimlaza mhusika kwa majuma. Katika kanuni za mwaka 2014 usingizi wa saa 8 unamrudishia uhai wote.

Tunakiri kwamba tuliposoma kanuni za 1979 mara ya kwanza tulizicheka. Zilitukumbusha karani. Baadaye tuliona kwamba karani huyu alikuwa amelielewa jambo ambalo baba wa Rongai hakulielewa: uchaguzi usio na gharama ya muda si uchaguzi. Ikiwa usiku mmoja unaponya kila jeraha, basi anayetibu hana kazi, na ubishi wa yule binti mezani ulikuwa umekwisha kuamuliwa dhidi yake na kitabu kabla hajafungua mdomo. Msimamizi alimwambia kweli. Majeruhi alikuwa amekwisha kupona. Kanuni zilikuwa zimefanya kwa uganga yale yale niliyoyafanya mimi kwa kuizunguka nyumba.

Je, basi haki imo katika daftari? Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Bonde la Ufa linajua habari za daftari la muda kuliko Gygax alivyozijua. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1918 iliwataka maskwota katika mashamba ya walowezi wamfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na baadaye mipaka hiyo ilipandishwa zaidi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, mara nyingi ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, ambamo mwajiri aliandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na tarehe ya kumruhusu aondoke. Kibarua wa tikiti alihesabiwa siku 30 za kazi, si siku 30 za mwezi. Siku isiyotiwa alama haikuwapo, hata kama aliyeiishi alikuwa ameamka alfajiri. Hapa kumbukumbu zilitunzwa kwa ukali ambao Gygax angeupenda. Mtendaji hakufichwa na sarufi, alitia saini. Na dhuluma ilikuwapo palepale, kwa kuwa aliyehesabiwa hakuweza kuligusa daftari.

Kwa hiyo tunaona kwamba tofauti haiko kati ya kuhesabu na kutohesabu. Iko katika swali la kama aliyeishi muda ule anaweza kuipinga hesabu na pingamizi lake likawa na nguvu. Katika utambaji wa jadi nguvu hiyo ilikuwapo kwa kiasi fulani. Fanani alianza kwa paukwa na hadhira ikajibu pakawa. Alihitaji kibali kabla ya kuingia, na bibi aliyeruka sehemu ya ngano ili alale mapema alikamatwa na wajukuu papo hapo, maana waliijua njia nzima. Msomaji wa riwaya hana hilo. Aweza tu kukifunga kitabu, na hilo ni pingamizi ambalo mwandishi halisikii. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela yuko upande mwingine kabisa: yeye ndiye mwenye hadithi, lakini alfajiri si yake, nayo ndiyo inayotishia kichwa chake. Anachofanya kila usiku ni kuhakikisha kwamba kunakucha kabla ugali haujaiva. Hadithi isiyokwisha ndiyo inayomwokoa.

Tatizo la asiyetaka kulala

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuona tunakoelekea, na pia shimo lililo njiani. Tunapendekeza kwamba katika mchezo wa pamoja, mwenye kazi isiyokwisha awe na haki ya kuuzuia usiku. Anayetaka kuruka muda hana budi kumuuliza kwanza kila mmoja kama ana jambo analolitenda, na akiwa nalo, ama liigizwe au mwenyewe akubali lirukwe. “Naomba tuseme ni usiku” badala ya “ni usiku”. Hili linaonekana kuwa dogo, lakini linairudisha nafsi ya mtendaji kwenye kitenzi.

Shimo ni hili: pendekezo letu linampa mkorofi ufunguo wa nyumba. Atakayesema kila mara kwamba bado anakoroga atawazuia wenziwe katika alasiri isiyokwisha. Na si mkorofi pekee. Tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) inafungua kwa vijana wawili marafiki wanaoigiza mchezo, mmoja Shetani na mwingine Binadamu. Mchezo unamalizika kama michezo inavyomalizika, lakini Kitaru, aliyekuwa Binadamu, hatoki ndani yake salama. Unamfuata nyumbani na kumuuguza. Wahakiki wameyasoma maradhi hayo, kwa haki, kuwa ni historia ya ukoloni na ya matabaka inayomdai kijana. Sisi tungependa kuongeza swali la kawaida zaidi: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumwambia kwamba kumekucha? Mchezo usio na mtu wa kuutangazia mwisho waweza kumla mchezaji. Kwa hiyo uwezo wa kuleta asubuhi si dhuluma kwa asili yake. Wakati mwingine ni huruma, na anayeukwepa kwa hofu ya kuonekana mtawala anamwacha mwenziwe gizani.

Tumejaribu kuutafuta mstari kati ya hali hizi mbili na hatukuupata ulionyooka. Jibu la kwamba wengi ndio waamue halitoshi, kwa sababu nyuma ya nyumba ile wengi walikuwa upande wangu hadi walipocheka. Jibu la kwamba msimamizi aamue kwa hekima halitoshi pia. Kila mnyapara alijiona ana hekima. Tunachoweza kushikilia ni tofauti kati ya kazi iliyo na mwisho wake na kazi iliyobuniwa ili isiishe. Ugali una kuiva. Yule msichana hakuwa akiupinga usiku. Alikuwa akiuandalia chakula. Alikuwa na kipimo ambacho mtu yeyote aliyewahi kukaa jikoni angeweza kukikagua, na kama ningeuliza umebakisha kiasi gani angenijibu kwa dakika. Sikuuliza. Hilo ndilo kosa ninalolikiri, na si lile la kutangaza usiku.

Tulimweleza msimamizi wa wanafunzi mambo haya, bila ya kumtajia vibarua wala Genette. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akatuonyesha daftari lake la mistari ya miraba ambamo huandika siku za ulimwengu wao. Tulipolipitia tuliona kwamba vita moja ya dakika tatu za kubuni ilikuwa imejaza kurasa mbili, na kila mahali yule binti alipokaa na majeruhi palikuwa pameandikwa “usiku mmoja”. Alilitazama kwa muda. Akasema hakuwa amekusudia hivyo, nasi tulimwamini.

Tangu hapo amebadilisha utaratibu. Kabla ya kuleta asubuhi anaizunguka meza na kumuuliza kila mmoja. Pia wamekubaliana kwamba majeraha yapone kwa siku, si kwa usingizi mmoja. Matokeo yake si mazuri kwa kila mtu. Ijumaa iliyopita usiku mmoja wa kubuni ulichukua dakika 40 halisi, kwa kuwa binti alikuwa akichemsha dawa na mwingine alikuwa bado hajamlisha farasi wake, na wawili miongoni mwetu tulilazimika kuondoka kabla haujakucha ili tuwahi matatu ya mwisho ya Rongai. Nilipokuwa nikifunga mlango nilimsikia msimamizi akimuuliza binti dawa imebakisha kiasi gani.